Jinsi Mfumo wa Mahema Ulivyofundishwa Kufanya Kazi Bila Mtandao

Kampuni ilikodisha mahema, viti na meza kwa wenye shughuli zao, na ilikuwa na mambo mawili ya kujivunia: godauni refu la mabati nyuma ya ofisi, na mfumo wa kompyuta uliokuwa hauwezi kuingia ndani ya godauni hilo. Mfumo uliishi kwenye mtandao, na mtandao, kama mgeni mwenye viatu vipya, uliishia mlangoni. Ofisini mbele, penye zulia na feni, ulikimbia bila shida. Huko nyuma, penye kazi yenyewe, ulizungusha kiduara chake mpaka mtu akasahau alichotaka kuuliza.

Kwa hiyo mara nane au tisa kwa siku, mtunza stoo, mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye magoti mabovu, alipanda juu ya pipa lililokuwa karibu na dirisha, akainua tableti kwa mikono miwili kama anayemtafutia mtoto baraka, na akasubiri. Mtandao ukija, aliandika hema gani limerudi na lina hali gani. Usipokuja, alishuka, akavuta pumzi, akapanda tena. Wapakiaji walimtania kwamba siku akianguka watamwingiza na yeye kwenye mfumo: kimoja, kimevunjika. Alicheka nao. Alikuwa ameshika funguo za stoo kwa miaka ishirini na miwili, na mtu mwenye funguo ishirini na moja kiunoni ana haki ya kucheka na yeyote.

Kazini kote aliitwa Mama Stoo. Mtu mmoja tu ndiye aliyemwita Shangazi, na huyo ndiye aliyeuandika mfumo.

Kijana huyo walimwita Mtaalamu. Jina alijipa mwenyewe, kwa njia ya kawaida ya watu wa aina yake, yaani kwa kulitaja mara nyingi mbele ya watu wasio na haraka ya kubisha. Alilelewa na Shangazi tangu darasa la tano, akala kwake, akalala kwake, na alipomaliza chuo ni Shangazi huyohuyo aliyevaa gauni lake la sikukuu siku ya Jumatatu, akaenda kumwona Mkurugenzi na kumwambia ana mtoto anayejua kompyuta. Mtoto huyo sasa alikuwa na meza yake karibu na feni, vipokea sauti vikubwa masikioni, na tabia ya kuvivua taratibu kila anaposemeshwa, ili anayesema aone ni usumbufu wa kiasi gani ameuleta duniani.

Stoo aliingia mara moja, siku ya kwanza, akapiga chafya, akatoka.

Basi Mkurugenzi akaenda semina. Ilikuwa semina ya siku mbili, yenye kalamu ya bure na begi la kitambaa, na aliporudi aliitisha mkutano wa wafanyakazi wote, akasimama mbele yao kama kiranja aliyekabidhiwa filimbi. Alitangaza kwamba tableti kuanzia siku hiyo zitaitwa vishikwambi, kwamba kampuni inaingia zama mpya, na kwamba mfumo lazima ufanye kazi hata pasipo mtandao. Alisema jambo hilo kana kwamba amelivumbua yeye ndani ya gari akirudi. Watu walipiga makofi. Mama Stoo alipiga kuliko wote, kwa sababu ya magoti.

Mtaalamu alipewa wiki tatu. Mkurugenzi alimvutia pembeni akamdokeza kwamba, mambo yakienda sawa, kuna cheo kinatungwa, Mkuu wa Kitengo cha Mifumo, na kuna chumba chenye mlango. Kitengo hicho kingekuwa na mtu mmoja, naye ni mkuu, lakini Mtaalamu hakuliona hilo kuwa kasoro. Usiku na mchana aliwaza mlango.

Tuseme ukweli: kazi hakuiogopa, na aliijua. Alijua kwamba kuifanya tableti ikumbuke mambo bila mtandao si jambo gumu. Inaandika ndani yake yenyewe, inatulia nayo, na ikifika penye mtandao inayamwaga yote kwa mpigo. Ugumu uko kwingine. Ugumu ni pale tableti mbili zinapokutana baada ya kutwa nzima, kila moja na habari yake kuhusu hema lilelile, na mfumo uamue nani wa kusadikiwa. Wataalamu wengine hukesha na swali hilo miaka. Huyu alilimaliza mchana mmoja, kabla ya saa kumi. Kila maandishi yatabeba saa ya tableti iliyoyaandika, na aliyeandika baadaye ndiye anayeshinda. Alijiegemeza kwenye kiti akakitazama alichokiandika kwa mapenzi ambayo watu wengine huwawekea wachumba.

Dereva wa lori, mtu mnene aliyekuwa akija kunywa maji ofisini kwa sababu ya feni, alimuuliza kwa udadisi tu: je, kama aliyeandika baadaye hakuliona hema?

Mtaalamu akavua vipokea sauti, kimoja kimoja. Akamweleza kwamba mifumo mikubwa ya dunia inafanya hivyohivyo, na kwamba kuna mambo ambayo hata yakielezwa kwa Kiswahili chepesi bado yanahitaji msingi. Dereva akasema sawa, yeye alikuwa anauliza tu, akamalizia maji yake.

Shangazi naye alisema lake, nyumbani, wakati wa kula. Alimwomba aje stoo kutwa moja aone kazi inavyokwenda, tangu malori yanaporudi mpaka hema linapokunjwa. Si siku nyingi, alisema, moja tu, na angemwekea kiti. Mtaalamu alijibu kwamba ana mchoro wa kazi yote ukutani. Kwenye mchoro huo stoo ilikuwa kiboksi chenye mishale miwili.

Wiki tatu zilipotimia mfumo mpya ulizinduliwa kwa kukata utepe uliofungwa kwenye tableti, jambo ambalo bado hakuna aliyeeleza lilikuwa na maana gani. Na ulifanya kazi. Mama Stoo alishuka kwenye pipa asipande tena. Aliandika palepale alipokuwa, katikati ya maturubai, na jioni akipita ofisini kuaga, tableti ililia mlio mdogo na maandishi ya kutwa nzima yakaenda zake. Alimwambia kila mtu kwamba mwanawe amemponya magoti. Mtaalamu alipokea sifa hizo kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama askofu.

Wiki ya pili Shangazi akaja mezani kwake. Akasema, kwa sauti ya kutotaka kumwaibisha mtoto mbele za watu, kwamba kuna jambo. Jana aliandika hema namba tisa limechanika. Leo tableti inasema ni zima.

"Hukubonyeza hifadhi," alisema Mtaalamu.

"Nilibonyeza, baba."

"Basi ulibonyeza pembeni. Bonyeza tena, Shangazi, katikati ya kitufe."

Akaenda, akabonyeza katikati. Siku mbili baadaye alirudi: namba tisa zima tena, na sasa na namba saba pia, lile kubwa la watu mia tatu, lenye mpasuko mrefu kama mkono wake. Safari hii Mtaalamu hakuvua hata kimoja masikioni. Alimwonyesha kwa ishara ya kidole namna ya kubonyeza, hewani, kama anayemfundisha mtoto kupiga kengele ya mlango. Dada wa mapokezi alicheka, kisha akajutia. Mama Stoo alirudi stoo, akachukua kipande cha kitambaa chekundu akakifunga kwenye kamba ya namba saba, kama alivyokuwa akifanya kabla kompyuta hazijafika, na akaliburuta mpaka pembeni, kwenye kona ya wagonjwa.

Jumamosi hakuwepo. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, na Mkurugenzi mwenyewe, ambaye tangu semina alikuwa anapenda kuonekana akifanya kazi, alikuja kusimamia upakiaji. Ilikuwa harusi kubwa, na yeye pia alikuwa amealikwa. Alisimama mlangoni na tableti, akisoma namba kwa sauti. Aliposoma saba, Dereva alisema namba saba liko kona ya wabovu, lina kitambaa.

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma. Akauliza kama kampuni inaendeshwa kwa mfumo au kwa vitambaa. Tableti ilisema zima. Namba saba likapakiwa.

Yaliyofuata yalirekodiwa na simu zisizopungua sitini, kwa hiyo hakuna haja ya kutia chumvi. Mvua ilinyesha saa nane mchana, si kubwa. Maji yalijikusanya taratibu juu ya meza ya heshima, turubai likashuka kama tumbo la mtu aliyeshiba, ule mpasuko ukafunguka kutoka mwanzo hadi mwisho, na madumu kadhaa ya maji yakamwagikia keki, baba wa bibi harusi, na Mkurugenzi, ambaye wakati huo alikuwa amesimama akitoa nasaha kuhusu maandalizi mazuri.

Jumatatu asubuhi hakuna aliyecheka kwa sauti.

Mkurugenzi alimwita Mama Stoo, Mtaalamu, Dereva na dada wa mapokezi, akafunga mlango. Alikuwa na mafua. Alitaka kujua nani aliandika kwamba namba saba ni zima. Mtaalamu akafungua kompyuta yake, na hapa ndipo alipofanya jambo ambalo angelikumbuka akiwa na wajukuu. Kabla ya kusoma chochote, alikohoa kidogo na kusema:

"Tuanze na hili, mkurugenzi. Mfumo hausemi uongo. Watu ndio wanaosema."

Aliipenda sana sentensi hiyo. Alikuwa ameiandaa tangu alfajiri.

Kisha akasoma. Alhamisi, Mama Stoo aliandika kwamba namba saba limechanika, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Siku hiyohiyo, saa tatu asubuhi, mapokezi wakaliweka kwenye orodha ya Jumamosi kuwa liko tayari. Baada ya hapo hakuna neno.

Dada wa mapokezi alisema kweli, kila siku saa tatu anathibitisha yanayotakiwa, na asubuhi hiyo skrini yake haikuonyesha kasoro yoyote. Hakuna aliyemsikiliza. Mkurugenzi alikuwa amekwama kwenye jambo jingine.

"Alfajiri?" aliuliza. "Geti linafunguliwa saa moja."

Mama Stoo alisema yeye hajawahi kufika kazini alfajiri. Aliandika baada ya kulikagua, na alilikagua likiwa limekauka, na halikauki kabla ya saa nne.

"Imeandikwa hapa, mama. Alfajiri," alisema Mkurugenzi, akipenga kamasi. "Ama unaandika ukiwa kitandani kwako, hujaona hema wala nini, ama umeichezea tableti kujikinga. Nichague lipi?"

Mama Stoo alimgeukia mpwa wake. Alimtazama tu kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Mtaalamu aliinamia kompyuta na kuanza kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Uamuzi ulitoka kabla ya chai. Mama Stoo aandike barua ya kujieleza, ailete Ijumaa, na aje na funguo. Mkurugenzi alisema kwa upole kwamba zama zimebadilika, na kwamba mtu akishakula chumvi nyingi si vibaya kupumzika. Shemeji yake Mkurugenzi, ambaye alikuwa amepumzika tangu amalize shule, alikuwa tayari kushika stoo.

Nyumbani jioni ile Shangazi alipika kama kawaida, akampakulia mpwa wake kama kawaida, akaweka sahani mbele yake na kwenda kukaa barazani. Angemtukana, angalau. Mtaalamu alikula mpaka ladha ikamwisha mdomoni. Alijiambia kwamba rekodi ni rekodi. Alijiambia pia kwamba wazee huamka mapema, huenda aliichukua tableti nyumbani akasahau. Kisha akakumbuka kwamba analala chumba cha pili kutoka chake, na kwamba katika miaka yote hiyo hajawahi kuiona tableti ikivuka kizingiti cha nyumba ile.

Jumatano aliingia stoo kwa mara ya pili maishani mwake. Alijipa sababu nzuri: anakwenda kumsaidia Shangazi kuandika ile barua, lugha iwe laini, akubali kidogo, aombe radhi kidogo, pengine wamwachie mwaka mmoja. Alimkuta amepiga magoti juu ya turubai lililotandazwa, anapitisha viganja vyake kwenye mishono, inchi kwa inchi, macho yakiwa kwingine kabisa.

"Kaa pale," alisema. Kulikuwa na kiti. Hakusema alikiweka lini.

Akakaa. Kwa mara ya kwanza aliona kiboksi chake chenye mishale miwili kikifanya kazi. Aliona mahema yakirudi yamelowa asubuhi, yakitandazwa uani, yakikaukia jua, na kuingizwa ndani. Aliona kwamba hakuna mpasuko unaoonekana kabla ya hapo, kwa sababu turubai lililolowa hujibana na kujifanya zima, kama watu wengine. Aliona kwamba wakati Shangazi anaanza kukagua, dada wa mapokezi ameshathibitisha orodha yake zamani. Kwa hiyo kila siku, bila kukosa, neno la Shangazi linakuja baadaye. Linapaswa kushinda. Halijashinda hata mara moja.

Shangazi alipata tundu, akavuta tableti, akaandika. Mtaalamu alisimama nyuma yake aone anabonyeza wapi. Alibonyeza katikati ya kitufe, sawasawa, kama karani wa benki.

Juu ya skrini, pembeni, palikuwa na saa. Iliandika 4:20.

Mtaalamu akatazama simu yake. Iliandika 10:20.

"Shangazi. Hii saa vipi?"

"Saa nne na dakika ishirini," alisema bila kugeuka. "Huoni?"

"Naona. Ila ilikuwa hivi tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo? Mlinipa ikiwa imeharibika. Saa nne yeye anasema kumi, saa saba anasema kumi na tatu. Umewahi kusikia saa kumi na tatu wewe? Nikakaa nikaitafuta kwenye mipangilio, nikairekebisha. Wiki ileile mliyonipa. Sikutaka kukusumbua, ulikuwa na mambo yako masikioni."

Alisema hivyo kwa fahari kidogo, fahari ya mtu aliyetengeneza kitu mwenyewe. Mtaalamu alishika ukingo wa meza. Zamani, mfumo ulipokuwa unategemea mtandao, saa ya tableti haikuwa na kazi. Seva ilijiandikia saa yake. Ni yeye, Mtaalamu, mchana ule kabla ya saa kumi, aliyeamua kwamba saa ya tableti ndiyo shahidi. Kila alichokiandika Shangazi tangu siku ya utepe kilikuwa kimezaliwa saa sita nyuma. Saa tano asubuhi kwake ilikuwa alfajiri kwa mfumo. Angeweza kuandika namba saba limeungua, limeliwa na panya, limepaa mbinguni. Mapokezi wangeandika zima saa tatu na wangeshinda. Mwanamke aliyekuwa akiyapapasa mahema kwa mikono alikuwa akibishana kila siku na mtu aliyeketi kwenye feni, na mfumo, kwa haki na bila upendeleo, ulimpa ushindi mwenye feni.

Hapa inabidi tumtendee Mtaalamu haki: njia ya mkato aliiona mara moja, ilikuwa nzuri, na karibu aichukue. Angerudisha saa sasa hivi, kimya. Ijumaa angesema mtumiaji alichezea saa. Lingekuwa kweli, neno kwa neno. Mkurugenzi angetikisa kichwa kuhusu wazee na teknolojia, Kitengo cha Mifumo kingezaliwa, na mlango ungefunguka. Alikuwa tayari amekwishaifungua mipangilio, kidole kikiwa juu ya saa.

"Nimekosea?" aliuliza Shangazi. Sasa alikuwa amegeuka. "Kama ni hiyo saa, niambie. Niandikie nilichokosea kwenye barua, nitatia sahihi. Mimi sijui mambo hayo."

Angesema neno lingine lolote, pengine mambo yangekuwa rahisi zaidi. Mtaalamu alirudisha tableti mezani kama alivyoikuta. Akasema barua bado, ataiandika yeye.

Ijumaa walikaa walewale, mlango umefungwa, mafua yamehamia kwa Dereva. Mama Stoo alikuwa ameweka funguo zake mapajani, zimefungwa kwenye leso. Mtaalamu alisimama na karatasi, akaanza vibaya. Alisema juu ya muhuri wa muda, na ulandanishaji, na mgongano wa kumbukumbu, na Mkurugenzi, ambaye hakuelewa hata kimoja, alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa furaha inayoongezeka, akiamini anasikia mashitaka.

"Kwa hiyo mama ameiharibu saa," alisema Mkurugenzi akimkatiza. "Vizuri sana. Umefanya kazi nzuri."

Hapo palikuwa pazuri pa kunyamazia. Mlango, kwa namna fulani, ulikuwa tayari umefunguliwa nusu, na alikuwa hata ameshachagua rangi ya pazia.

"Hapana," alisema Mtaalamu. Sauti ilimtoka ndogo, ya darasa la tano. "Saa yake ilikuwa sawa. Anaisoma kama sote tunavyoitamka humu ndani. Niliyekosea ni mimi. Niliandika mfumo wa stoo bila kukaa stoo hata siku moja. Alikuja kuniambia mara mbili, nikamfundisha kubonyeza. Na ile sentensi yangu ya Jumatatu, mfumo ulisema uongo kila siku tangu siku ya utepe. Niliufundisha mimi."

Dereva akapiga chafya.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa kuhesabu haraka, na ungeona hesabu ikipita usoni mwake: ni nani aliyeuzindua mfumo, ni nani aliyekata utepe, ni nani aliyesimama mlangoni Jumamosi na kuuliza habari za vitambaa. Dereva naye, akijifuta pua, alikuwa anamtazama kwa makini ya mtu anayekumbuka kila kitu. Mkurugenzi akakunja karatasi zake. Alisema kwamba amefarijika kuona moyo wa uwajibikaji, kwamba kosa ni shule, kwamba suala la Mama Stoo limefungwa, na kwamba suala la Kitengo cha Mifumo nalo, kwa bahati mbaya, limefungwa. Shemeji ataelezwa. Mtaalamu atahamishia meza yake stoo kwa miezi mitatu, ajifunze.

Mama Stoo alifungua leso, akazirudisha funguo kiunoni. Wakitoka alimpita mpwa wake mlangoni.

"Maneno mengi sana mwanzoni," alimwambia. "Nilidhani unanizika."

Mtaalamu akahamia. Stoo hakuna feni, na turubai lina harufu inayoingia mpaka kwenye ndoto. Saa za tableti aliacha kuziuliza chochote. Badala yake aliandika upya sehemu ile ya mchana mmoja, safari hii kwa wiki tano, huku akiitwa kila baada ya nusu saa kushika upande wa pili wa kitu. Sasa habari mbili zikigongana, mfumo hauchagui tena. Unaziweka zote mbili mbele ya mtunza stoo na kumuuliza ipi ni kweli, na mpaka ajibu, hema halitoki.

Swali la kwanza lilikuja Jumanne, saa tano kasoro, na waliinamia tableti wote wawili. Mapokezi wanasema namba kumi na nne ni zima. Stoo inasema limechanika. Mtaalamu alimsogezea Shangazi tableti. Hii ndiyo ilikuwa heshima aliyomjengea Shangazi, kitufe kwa kitufe: neno lake, mbele ya ofisi nzima, likiwa juu.

"Bonyeza, Shangazi."

"Bila kuliona? Ndivyo mlivyofundishwa?" Akaelekeza kwa kidevu. "Nenda kalitandaze."

Namba kumi na nne lina urefu wa hatua ishirini na uzito wa ng'ombe aliyegoma. Alilivuta peke yake mpaka uani, wapakiaji wakimpa ushauri bila kuinuka. Alilikunjua kona kwa kona juani, akapiga magoti, akaanza kupapasa mishono kama alivyofundishwa, inchi kwa inchi. Ilimchukua zaidi ya nusu saa. Karibu na nguzo ya katikati viganja vyake vilipita juu ya kitu, akakitazama: kiraka, kimeshonwa mara mbili, uzi ule mweusi mnene ambao stoo nzima ni mtu mmoja tu anayeujua kuutumia. Hakuna tundu lolote. Hema lilikuwa zima. Alikuwa amelishona Shangazi mwenyewe, wiki iliyopita, na hakuandika.

Alirudi ndani akitweta, magoti yamejaa vumbi, akasimama mbele yake. Alitafuta namna ya heshima ya kulisema.

"Ni zima," alisema.

"Aa," alisema Shangazi. Akavaa miwani, akasogeza kidole mpaka kwenye neno Mapokezi, akalibonyeza katikati kabisa, bila haya hata chembe. "Sasa kalikunje."